UZI: Kuboresha ekzosi ya gari la silinda nne – ukubwa wa bomba, katalisti, mafla na weldingi

MkiaWaBomba

Habari za humu wakuu, ssebo na nnyabo wote. Kila wiki mtu anauliza aweke bomba la inchi ngapi kwenye Premio, Allion, Spacio au Impreza, na jibu linalorudi ni lilelile: "Weka inchi tatu, itanguruma." Gari linatoka gereji likinguruma kweli, lakini kupanda kilima cha Makindye hapa Kampala linadai gia ya chini mapema kuliko zamani. Nimefungua uzi huu tuyaweke mambo kwa vipimo. Naanza na injini zisizo na tabo (turbo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi). Wenye tabo tutawafikia.

Kabla grainda haijaguswa, pima. Ekzosi iliyoziba na ekzosi iliyo ndogo ni magonjwa mawili, na wengi wanaotaka "kuboresha" wana ugonjwa wa kwanza bila kujua. Pasha injini moto, izime, fungua sensa ya oksijeni ya mbele, na mahali pake funga geji ya presha. Hesi za sensa nyingi ni M18x1.5. Kwenye baadhi ya Toyota sensa inashikwa na nati mbili juu ya flanji, yaani sahani ya kuungia. Hapo tengeneza kipande cha bati nene kinachokaa kwenye boliti hizohizo, ukichomelee neli ya geji katikati. Washa. Injini ikiwa imetulia bila kukanyagwa, geji isizidi psi 1.5. Ipandishe hadi RPM (mizunguko kwa dakika) 2,500 na uishike hapo: isizidi psi 3. Ikizidi, legeza flanji iliyo baada ya katalisti (kisafisha moshi) na urudie. Presha ikianguka, kizibo kiko nyuma, mara nyingi mafla (kipunguza sauti) iliyovunjika vyumba vya ndani. Isipoanguka, katalisti ndiyo imeziba.

Asiye na geji hiyo atumie geji ya vakyumu kwenye manifoldi ya kuingiza hewa. Injini isiyo na ubovu ikiwa imetulia husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki. Ukiishika RPM 2,500 na mshale ukawa unateremka polepole badala ya kusimama mahali pamoja, moshi hautoki.

Sasa ukubwa. Kanuni ya mafundi wa ekzosi ni kwamba kila hospawa moja (kipimo cha nguvu ya injini) inahitaji takriban milimita za mraba 12.3 za nafasi ya ndani ya bomba. Bomba la milimita 51, yaani inchi 2, lenye unene wa 1.5 lina kipenyo cha 48 ndani. Hiyo ni milimita za mraba 1,810, inatosha hospawa 147. Bomba la 57 linatosha 186. La 63.5 linatosha 234. La 76, ndiyo hiyo inchi tatu inayosifiwa, linatosha 340. Linganisha na injini zetu za Toyota: 1NZ-FE ya 1.5 ina hospawa 109 hivi, 1ZZ-FE ya 1.8 ina 130 hivi, 1AZ-FSE ya 2.0 ina 150 hivi, 2AZ-FE ya 2.4 ina 160 hivi. Hesabu mwenyewe nani kati ya hizo anahitaji 76.

Na bomba kubwa mno lina madhara, si hasara ya pesa tu. Injini ya silinda nne hutoa mapigo mawili ya moshi kila mzunguko. Pigo likikimbia huacha nyuma yake presha ndogo, na hiyo presha ndogo husaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Ukipanua bomba kupita kiasi, moshi unapunguza mwendo, unapoa, unakuwa mzito, na ule mvuto unakufa kwenye RPM za chini. Za chini ndizo tunazotumia kwenye jamu ya Jinja Road. Ndiyo maana nasema wanaodai "injini inahitaji presha ya kurudi nyuma" wameona kitu cha kweli wakakipa jina lisilo lake. Hakuna injini inayofaidika na moshi kusukumwa nyuma. Inachohitaji ni mwendo wa moshi.

Faida? Kwa 1.8 isiyo na tabo, ukibadilisha kuanzia baada ya katalisti kwenda nyuma na ya zamani haikuwa imeziba, tarajia hospawa 2 hadi 5. Anayekuahidi 20 anakuuzia sauti.

---

Ndeeba_ZZ

Asante mkuu. Premio 1.8, 1ZZ-FE. Makanika anasema atoe katalisti, aweke bomba moja kwa moja mpaka nyuma, na hiyo kazi ya kutoa atafanya bure. Kuna ubaya gani? Na je, nibadilishe na manifoldi ya kutolea moshi niweke heda, ile yenye bomba refu la kila silinda?

---

MkiaWaBomba

Ndeeba_ZZ, neno "bure" lisikupite hivihivi. Ndani ya katalisti kuna platini, paladi na rodi. Wanunuzi wa skrepu wanaijua thamani yake kwa kila modeli. Kinachobaki mkononi mwa fundi ni malipo yake, na yanaweza kuzidi gharama ya kazi nzima ya bomba. Hata kama umeamua kuitoa, ni mali yako, ondoka nayo.

Lakini usiitoe kama ni nzima. Gonga ganda lake kwa nyundo ya mpira likiwa baridi. Likitoa sauti ya vitu vinavyogongana ndani, kauri imevunjika na vipande vitahamia kwenye mafla kuiziba. Likikaa kimya na geji iko chini ya psi 3, iache. Katalisti nzima kwenye injini ya hospawa 130 inakunyima kidogo sana. Ukiitoa, sensa ya nyuma itaona moshi uleule unaoonwa na ya mbele, taa ya injini itawaka na namba ya hitilafu P0420, na siku taa hiyo itakapowaka kwa kosa kubwa hutajua. Harufu ya petroli isiyoungua itakufuata kwenye foleni. Wanaopumua moshi huo ni mtu wa boda nyuma yako na mama anayechoma gonja (ndizi) kando ya barabara. Makerere kuna mradi wa AirQo unaopima hewa ya Kampala. Fungua usomaji wake asubuhi ya siku ya kazi kisha uamue kama jiji hili linahitaji gari jingine lisilo na katalisti.

Jambo la pili kwako hasa: 1ZZ za awali zinajulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za oili kwenye pistoni. Oili inayoungua hupaka katalisti tabaka linaloizima. Kama unaongeza oili kati ya sevisi na sevisi, kuweka katalisti mpya kabla ya kutibu ringi ni kuichoma pesa. Hivyohivyo kwa plagi au koili inayokosa: petroli mbichi huungulia ndani ya katalisti, kauri hupanda juu ya nyuzi 1,000 na kuyeyuka. Tibu injini kwanza.

Heda: kwa mpangilio wa kuwaka 1-3-4-2, chagua ya 4-2-1, ile inayounganisha silinda 1 na 4, na 2 na 3, kabla ya kuwa bomba moja. Inatoa nguvu katikati, RPM 2,500 hadi 4,500. Ile ya 4-1, inayounganisha zote nne kwa mara moja, inafaa gari linaloishi juu ya 5,000. Angalia pia tundu la sensa: heda nyingi za bei rahisi hulisogeza mbali na injini, sensa inachelewa kupata moto na gari linakula mafuta asubuhi. Kwa matumizi ya kila siku mimi ningeacha manifoldi ya kiwandani na pesa ile ningeweka kwenye bomba na mafla nzuri.

---

Kabale2000m

MkiaWaBomba, hapo kwenye vakyumu nakurekebisha kidogo, kwa sababu watu watabadilisha injini nzima kwa kosa hili. Hizo inchi 17 hadi 21 ni za usawa wa bahari. Ondoa inchi moja kwa kila mita 300 za kupanda. Kampala iko mita 1,190 hivi, kwa hiyo injini nzima husoma 13 hadi 17. Kabale, karibu mita 2,000, ni kama 10.5 hadi 14.5. Ukisoma 14 Kampala usiambiwe valvu zimekwisha.

Na hospawa za kitabu pia ni za usawa wa bahari. Kampala injini isiyo na tabo imeshapoteza zaidi ya asilimia 10 kabla ya kuwashwa, na hakuna ekzosi itakayozirudisha. Ila usipunguze bomba kwa sababu hiyo. Hewa yetu ni nyepesi lakini silinda inajaa ujazo uleule, kwa hiyo nafasi inayohitajika bombani haibadiliki.

---

MkiaWaBomba

Sahihi kabisa, Kabale2000m. Watu wachukue namba zako kwa vakyumu, si zangu.

---

Chuma_Katwe

Niingie kwenye chuma, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Usikubali bomba la maji. Lile la rangi ya fedha lenye zinki ni zito, na likichomelewa hutoa moshi mweupe wa zinki unaomtia fundi homa na kifua kubana usiku huohuo. Kisha zinki inaungua mahali pa weldingi na kutu inaanzia papo hapo. Bomba la fanicha nalo ni jembamba, hata milimita 1 halifiki. Matuta mawili na limepasuka pembeni ya weldingi. Omba bomba la ekzosi lenye unene wa 1.5. Chaguo ni matatu: chuma cha kawaida, ambacho huanza kuoza mapema, chuma kilichopakwa aluminiamu, ambacho kwa mawazo yangu ndicho kinachomfaa mtu wa kawaida, na stenlesi, ya 409 inayoshika sumaku na kutu kidogo ya juujuu, au ya 304 isiyoshika sumaku na inayodumu kuliko zote. Nenda na sumaku ndogo mfukoni. Ukiuziwa "304" na sumaku ikang'ang'ania, umeuziwa kitu kingine.

Kukunja. Mashine za haidroliki nyingi hubonyeza kona. Pima kwa kalipa: bomba la 51 likitoka kwenye kona likiwa limebonyea na kubaki 40 upande mmoja, nafasi uliyoilipia imeishia hapo. Njia bora ni kununua kona zilizokunjwa kwa mandreli (kifaa kinachokaa ndani ya bomba lisibonyee), za nyuzi 45 na 90, na kuziunganisha na vipande vilivyonyooka. Mafundi wa Katwe wanajua njia nyingine ya zamani na ni nzuri ikifanywa kwa makini: jaza bomba mchanga, ushindilie, ziba ncha, pasha kwa moto wa gesi mpaka liwe jekundu, kunja polepole. Mchanga lazima ukaangwe ukauke kabisa kwanza. Mchanga wenye unyevu ndani ya bomba lililozibwa huzaa mvuke na kizibo hufyatuka kama risasi.

Weldingi. MIG yenye waya wa 0.8 ndiyo rahisi kwa bomba la 1.5. Wa fimbo atumie elektrodi ya E6013 ya milimita 2.0, ampea 40 hadi 60. Ile ya 2.5 wanayoipenda itatoboa, kisha atajaza tundu, atatoboa tena, na ndani ya bomba kutabaki vinundu vinavyokata mwendo wa moshi. Ingiza kidole uvisikie, au mulika tochi. Stenlesi kwa stenlesi ya 304 tumia waya wa 308L. Stenlesi kwa chuma cha kawaida tumia 309L, la sivyo kiungo hupasuka. Kwa TIG kwenye stenlesi, pitisha gesi ya agoni ndani ya bomba pia. Bila hivyo upande wa ndani unachemka na kuwa mweusi wa chengachenga kama sukari guru iliyoungua, na ufa utaanzia hapo.

Kabla ya kuwasha mashine chini ya gari: ondoa waya hasi wa betri, na kibanio cha athi kishike bomba lenyewe, karibu na unapochomelea. Kikishikwa kwenye injini au bodi mbali huko, umeme utapita kwenye bearingi, alteneta na kompyuta ya gari kutafuta njia. Chomoa sensa za oksijeni kabisa. Na usipake silikoni ya kawaida kwenye viungo vilivyo mbele ya sensa. Mvuke wa silikoni huipaka sensa tabaka jeupe na inakufa.

Jambo moja zaidi ambalo wateja hawaliulizi. Bomba hurefuka likipata moto. Mita tatu za chuma cha kawaida zikipanda nyuzi 300 huongezeka milimita 11 hivi. Za stenlesi 304, milimita 15. Ukiwa umefunga bomba kwa chuma kwenye bodi badala ya raba, urefu huo unaenda wapi? Unapasua weldingi, au unavunja boliti za manifoldi. Raba za kuning'inizia zote za kiwandani zirudi mahali pake, mpya, na fleksi (kipande kinachonyumbulika) iwepo kati ya injini na bomba kwa gari la injini ya kulala upande. Injini hiyo inajipindua kila unapokanyaga mafuta. Bomba lazima liiruhusu.

---

WishNyeupe

Nashukuru kwa maelezo. Kwenye Toyota Wish yangu, baada ya kubadilishiwa mafla, harufu ya moshi inaingia ndani tukiwa kwenye foleni, zaidi vioo vya nyuma vikiwa wazi. Fundi anasema itaisha rangi ikiungua. Wiki tatu sasa.

---

MkiaWaBomba

Dada WishNyeupe, usisubiri zaidi. Harufu ya rangi ya mafla mpya huisha ndani ya safari chache. Wiki tatu ni uvujaji, au mkia umeishia chini ya gari. Harufu unayoisikia siyo yenyewe inayoua. Inayoua ni kaboni monoksidi inayosafiri nayo na haina harufu. Watoto wasikae kiti cha nyuma kabisa mpaka hili litatuliwe.

Angalia mkia wa bomba. Lazima utokeze nje ya bampa, hata kwa sentimita mbili au tatu. Gari lenye mgongo wa wima kama Wish hutengeneza upepo wa kuzunguka nyuma yake, na bomba likiishia ndani ya bampa moshi hunyonywa kupitia raba ya mlango wa nyuma iliyochoka au matundu ya hewa yaliyo nyuma ya bampa.

Kisha tafuteni tundu. Gari likiwa baridi, chukua mashine ya kufyonza vumbi ukiigeuza ipulize, au kompresa kwa presha ndogo sana, weka kwenye mkia na uzibe pembeni kwa tambara. Paka maji ya sabuni kila weldingi na kila flanji kuanzia injini. Povu litakuonyesha. Viungo vinavyovuja zaidi ni ile gasketi ya mviringo kama donati yenye boliti mbili za springi. Boliti hizo hukazwa mpaka mwisho wa bega lake. Springi ndiyo inayobana, wala haitakiwi kubonyezwa mpaka igandamane. Fundi akizitupa na kuweka boliti za kawaida akakaza kwa nguvu zake zote, kiungo hakichezi tena, gasketi inasagika, na moshi unatoka.

Uvujaji ulio mbele ya sensa una kisa kingine. Kati ya mapigo ya moshi bomba huvuta hewa ya nje, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inaongeza petroli. Unaletewa namba ya hitilafu P0171 (petroli kidogo mno), unabadilishiwa pampu na nozeli, na tatizo ni gasketi tu.

---

BoksaEJ

Upande wa tabo sasa. Injini ya Subaru EJ20 ya tabo, hospawa 250 na kuendelea, hapo 76 inaruhusiwa. Baada ya tabo presha ndogo ndiyo bora, kwa sababu tabo inafanya kazi kwa tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma yake. Kizibo kikubwa ni daunpaipu, kile kipande cha kwanza baada ya tabo. Ukikibadilisha, lazima kompyuta ipangwe upya. Moshi ukitoka kwa urahisi tabo huzunguka haraka zaidi, na westigeti ndogo ya kiwandani (mlango unaopitisha moshi pembeni ya tabo) inaweza kushindwa kuizuia: presha ya busti, yaani ya hewa inayosukumwa na tabo, inazidi iliyopangwa, mchanganyiko unakuwa mwembamba, pistoni inapasuka kati ya ringi. Weka geji ya busti kabla, andika namba yake ya kawaida, na ikivuka hapo baada ya kazi, ondoa mguu.

Kwa wanaoipenda ile sauti ya Subaru ya kudunda: haitoki kwenye mafla. Inatoka kwenye heda ya kiwandani yenye mabomba ya urefu usio sawa kwa pande mbili za injini, mapigo yanafika yakiwa hayajapishana sawa. Ukiweka heda ya urefu sawa, nguvu inaongezeka na ule mdundo unaondoka. Premio haiwezi kuupata hata ukiifunga mafla ya ukubwa wa ndoo.

---

MaflaKimya

Kuhusu mafla na ule mvumo wa ndani ya gari unaochosha masikio.

Kuna za vyumba na kuna za kupita moja kwa moja zenye bomba lililotobolewa matundu na kuzungushiwa sufi. Ya kupita moja kwa moja ndiyo inayoachia moshi, lakini angalia sufi. Ya kioo peke yake ikiwa karibu na injini huungua na kupulizwa nje, na baada ya miezi mafla inakuwa debe tupu. Iliyo nzuri ina tabaka la nyuzi za stenlesi likigusa bomba, kisha sufi ya kioo au ya mwamba nje yake. Ongeza na resoneta (kipunguza mvumo) ndogo katikati ya gari; bila hiyo silinda nne hukoroma kama mashine ya kusaga.

Za mtumba kutoka Japani: zenye kibati cha JASMA (chama cha watengenezaji mafla wa Japani) zilitengenezwa kufuata viwango vya kelele vya kule, ni mwanzo mzuri. Zigonge kwa kitasa cha bisibisi pande zote. Sauti ikizubaa mahali fulani, ganda limeliwa kutoka ndani. Kutoka ndani, naam: lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji. Safari fupi za Ntinda hadi Wandegeya haziipashi mafla vya kutosha kuyakausha. Toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya mafla. Litatiririsha maji, na sauti haitabadilika.

Mvumo: unasikika kwenye mwendo mmoja tu, kwa kawaida RPM 2,500 hadi 3,000, ambao ndio mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwenye barabara kuu ya kwenda Entebbe. Kwa silinda nne, gawanya RPM kwa 30 upate mitetemo kwa sekunde. 3,000 ni 100. Dawa yake ni tawi lililozibwa: bomba la kipenyo kilekile linalochomelewa ubavuni mwa bomba kuu, ncha ya pili imezibwa. Sauti inaingia, inagonga mwisho, inarudi ikiwa kinyume na inayokuja, na zinafutana. Urefu wake ni kasi ya sauti ugawe kwa mara nne ya mitetemo. Ndani ya tawi hewa haipiti, imepoa kuliko bomba kuu. Chukua mita 400 kwa sekunde. 400 gawa kwa 400, unapata mita moja. Anza na mita 1.1 yenye kizibo cha kubana, endesha, punguza sentimita mbili mbili mpaka mvumo uzimike, ndipo uchomelee. Linakunjwa kufuata bomba kuu, si lazima lining'inie.

Na kelele za usiku si suala la ladha. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, ina kanuni za kelele tangu 2003, na majirani wanalala.

---

Ndeeba_ZZ

Geji imesoma psi 0.8 ikiwa imetulia, 1.9 kwenye 2,500. Katalisti haigongi ndani. Kwa hiyo naiacha, na kuanzia flanji ya nyuma yake naweka 51 iliyopakwa aluminiamu, resoneta na mafla ya kupita moja kwa moja. Kuna la kuangalia wakati wa kulifunga? Barabara ya nyumbani ni maramu.

---

MkiaWaBomba

Uamuzi mzuri. Yafuatayo uyasimamie mwenyewe ukiwa pale.

Boliti za zamani zipulizwe mafuta ya kulainisha kutu usiku wa kuamkia kazi. Isiyofunguka ipashwe nati yake, si boliti, kisha ifunguliwe ikiwa bado moto. Boliti mpya zipakwe grisi ya nikeli na nati ziwe za shaba. Kesho kutwa utazihitaji zifunguke. Flanji za M10 kwenye Toyota nyingi zinakazwa Nm 43 hivi, pande zote kwa zamu.

Chomelea vipande kwa nukta tatu tatu kwanza, gari likiwa kwenye stendi huku magurudumu ya nyuma yakibeba uzito wa gari. Hii ndiyo inayosahaulika. Gari likiinuliwa kwa bodi, ekseli inaning'inia, bomba linaonekana lina nafasi; likishushwa na abiria wanne wakikaa, ekseli inapanda na kugonga bomba kila shimo. Mtu akae kwenye buti, tazama nafasi, ndipo mchomelee mzunguko mzima.

Bomba lisishuke chini ya kiwango cha fremu ndogo ya mbele. Kwenye maramu kitakachogusa jiwe kiwe chuma cha gari, si flanji yako. Flanji zielekee pembeni, masikio yake yasitazame chini. Acha sentimita 3 au zaidi kutoka kwenye mpira wa breki, kebo ya hendibreki na bomba la mafuta, na sentimita 5 na bati la kukinga joto kwenye tangi. Mabati ya kukinga joto yaliyo juu ya katalisti yarudi yote, hata kama yanapiga kelele. Yabane kwa klipu. Bila hayo kapeti linaungua, na ukiegesha kwenye nyasi kavu kijijini unaweza kuwasha moto. Usizungushe kitambaa cha joto kwenye bomba la chuma cha kawaida, kinashika maji na kulioza.

Ukimaliza, washa, ziba mkia kwa tambara nene kwa sekunde mbili tatu. Injini inapaswa kutaka kuzimika. Ikiendelea kunguruma bila wasiwasi, kuna tundu. Endesha kilomita 100 hivi, acha lipoe kabisa, kaza flanji zote tena, kisha pima geji mara ya pili kwenye tundu lilelile la sensa. Tuletee namba hapa.

---

Ndeeba_ZZ

Sawa mkuu. Jumamosi naenda soko la Kisekka kutafuta flanji na raba. Na sumaku mfukoni.

---

Chuma_Katwe

Flanji zichukue za unene wa milimita 8 au 10. Za 5 hujipinda zikichomelewa, gasketi haikai. Na zifungwe pamoja kwa boliti, pea nzima, wakati wa kuchomelea.